Hakuna Anayetaka Kuwa Mponyaji

Gereza la wanawake, bweni la tatu
6 Januari

Mjomba,

Shikamoo, na nyingine uyafikishie magoti yako, maana najua mvua hizi zinayasumbua kuliko zinavyokusumbua wewe mwenyewe. Mimi mzima. Meno yangu yote yapo, nimeyahesabu leo asubuhi, na hapa hiyo ni habari njema. Mama je? Taya limeunga? Bado anakunywa supu kwa mrija? Usiniandikie "hajambo" halafu ukarukia mengine. Nakujua wewe na hajambo zako.

Afisa wa barua naye namwamkia, kwa kuwa anasoma hii kabla yako.

Kesi imepangwa Juni. Wakili anataka kumwambia jaji kwamba nilimchoma yule mume wa mama katika purukushani, nikimwokoa mama, na kwamba jaji akikubali huenda nikapata miaka michache. Amenikataza kuongea zaidi ya hapo. Polisi nilishawaambia nimemuua mimi. Inatosha.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimewafundisha wenzangu mchezo wetu, ule wa mezani kwako. Nimewaeleza kama ulivyonieleza nikiwa na miaka tisa: mmoja anakuwa msimulizi, anasimulia nchi ya kubuni yenye mashimo na majitu, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya nchi hiyo, mnaingia shimoni pamoja, na bahati inaamuliwa na dadu. Dadu hapa ni kamari na kamari ni kosa, kwa hiyo tunachomoa vikaratasi ishirini kwenye kikombe.

Wachezaji ni wanne. Konda alikuwa kondakta wa basi, na bado anaongea kana kwamba injini inanguruma. Mzito, nikikueleza alivyo utasema natia chumvi. Mshonaji ni mdogo kama sindano zake na hasemi. Nesi alifanya kazi wodini miaka kumi na tisa. Nikawaambia kila mmoja achague anataka kuwa nani. Wakachagua mpiga panga. Wote wanne!

Nikawaingiza. Mlangoni palikuwa na majitu mawili tu, yale ya kuanzia watoto. La kwanza lilimkamata Konda kifundo cha mguu likampigiza ukutani mpaka panga likabaki limeshikwa na mkono usio na mwenyewe. Mzito alikatwa goti, akaanguka, likamkalia kifuani, mbavu zikalia moja moja. Mshonaji alikufa amesimama. Nesi alikimbia, jitu likamrushia kichwa cha Konda kikampata kisogoni. Vikaratasi havikuwa na huruma, na Konda amenuna siku ya pili leo.

Nifundishe kupanga kundi, Mjomba. Humu ndani mchezo huu ndio unaotufanya tusitoane macho.

Mpwa wako,
Kiberiti


Nyumbani
2 Februari

Kiberiti mwanangu,

Marahaba. Magoti nayo yameitika, yalilia ko nilipoinuka kuifuata barua yako mlangoni. Imechukua karibu wiki nne njiani. Nadhani afisa aliirudia kwa utamu. Hapa paa linavuja pale pale, na machinjioni wametuletea ndoano mpya za kutundikia, zinang'aa mpaka unaogopa kuzichafua. Yule mwenzangu Mchuna, mchuna ngozi, amejikata kidole cha shahada. Anasema alikuwa anawaza. Nikamwambia kuwaza hakumfai.

Mama yako hajambo. Usinune, naongeza. Waya za taya zimetolewa. Anatafuna mkate ukilowekwa kwenye chai. Hasemi sana. Anashinda dirishani kwenye kiti cha plastiki, na mlango ukigongwa anashtuka hata kama ni mimi.

Haya, kundi lako. Umefanya kosa lile lile nililolifanya nilipowafundisha wachinjaji wenzangu. Watu wametoka kuchinja ng'ombe thelathini, wamekaa chumba cha kubadilishia nguo saa ya chakula, unawauliza wanataka kuwa nani, unategemea jibu gani? Wapiga visu watupu. Na wapiga visu wanne si kundi, mwanangu. Huyo ni mtu mmoja mwenye hasira mara nne.

Kundi ni kila mmoja aweze jambo ambalo mwenzake hawezi. Mbele muweke mwenye ngao. Kazi yake si kuua, kazi yake ni kupigwa, na kanuni yetu unaikumbuka: akisema "hilo langu", pigo la mwenzake linamwangukia yeye. Ubavuni awepo mnyatiaji, mtu wa kupita nyuma ya jitu wakati jitu linamtazama mwenye ngao. Nyuma kabisa awe mlozi, anayeunguza kwa mbali, ila ukimgusa anavunjika kama sahani. Wa nne ni mponyaji, na hapo ndipo utakapotoka jasho, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mponyaji. Kila mtu anataka kuponywa tu.

Siri nyingine nakupa bure. Usiwaulize wanataka kuwa nani. Waulize wanaogopa nini, halafu gawa kazi kufuata hofu zao.

Na wewe je? Ukiacha usimulizi ukaingia shimoni nao, ungekuwa nani?

Mjomba wako


Bweni la tatu
27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Mchuna pole ya kidole, na umwambie kisu hakina urafiki. Nimefurahi mama ametafuna. Mwambie nimenenepa. Ni uongo, lakini mwambie.

Nimefanya ulivyosema. Mzito anaogopa kuachwa nyuma, kwa hiyo nimempa ngao, awe mbele ya wote, atakayemwacha ni nani? Mshonaji anaogopa kuonekana, huyo amekuwa mnyatiaji. Konda anaogopa kimya. Nikamwambia ulozi unafanya kazi ukiupigia kelele, akakubali kabla sijamaliza, na sasa bweni la nne wanamlalamikia.

Nesi ndiye mtihani. Nilimuuliza anaogopa nini, akasema anaogopa kengele ya wodi. Nikaona hapo hapo, nikamwambia basi wewe ndiye mponyaji wetu. Alinitazama mpaka nikajikuna.

"Mdogo wangu," akasema, "nimeponya miaka kumi na tisa. Nimeshona wanawake waliorudi wiki iliyofuata wamepasuliwa pale pale na mtu yule yule. Hata huku nimeletwa na dawa nilizompa mgonjwa aliyeniomba nisimrudishe nyumbani. Nipe panga."

Nikampa panga. Ungefanyaje?

Wakaingia tena. Mjomba, ungeona! Majitu ya mlangoni waliyatafuna. Mzito alisimama katikati ya lango, kila rungu likishuka anapaza sauti, "Hilo langu!" na bweni zima linapiga makofi. Mshonaji alipita chini ya miguu akakata ukano wa nyuma ya goti, jitu likaja chini kama gunia, Konda akaliunguza macho, Nesi akamaliza shingo. Wakashuka mpaka ukumbi wa Mfalme wa Matope, mwenye midomo mitatu na mikono ya chuma. Hapo Mzito alijeruhiwa tumboni. Hakukuwa na wa kumfunga. Alishika matumbo yake kwa mkono mmoja na ngao kwa mwingine, raundi sita, akawalinda wote mpaka damu ikaisha. Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya mchezo.

Konda akanigeukia. "Kiberiti, mbona majitu yako hayana haraka? Ya msimulizi mwingine si yangeua mara moja, watu wakapumzike?"

Nikamjibu ndivyo majitu yalivyo.

Swali lako la mwisho sijalielewa. Mimi ni msimulizi, na msimulizi hapigwi.

Kiberiti


Nyumbani
25 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na pole ya Mzito. Mama yako amekula nyama ya kusaga, vijiko vinne. Nimemwambia umenenepa, akasema, "Huyo hajawahi kunenepa," kisha akacheka kidogo, akashika taya. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote mwezi huu. Paa nimeziba. Sasa linavuja mahali pengine.

Nesi usimsukume. Mponyaji hapangwi, hutokea. Sisi tulicheza miezi minne bila mponyaji, kila Ijumaa tunazika mtu. Siku moja Mchuna, aliyekuwa na panga refu kuliko wote, aliona mwenzake ametobolewa pafu, povu jekundu linamtoka puani, akasukuma panga lake pembeni akasema, "Hebu, nani anajua kufunga hapa?" Tangu siku ile ni mponyaji, na hataki utani kuhusu jambo hilo. Wewe endelea kuwaua kwa haki. Nesi ataona.

Umesema swali langu hujalielewa. Ngoja nikukumbushe. Una miaka tisa, miguu haifiki sakafuni. Mama yako anacheza mpiga mishale, nyuma kabisa ya kundi. Na kila jitu linapomgeukia, wewe unapiga meza, "Hilo langu!" Hata pigo la kukwaruza. Nilikuua mara ngapi mezani kwangu kwa ajili ya mama yako? Sikuwahi kukuona ukichagua kazi nyingine.

Na mimi ndiye niliyekutia kisu mkononi ulipomaliza shule. Miaka miwili machinjioni. Pigo moja, safi, mnyama hajui kilichompata. Wanaume wa zamu walikuwa wanaacha kunoa visu wakutazame wewe. Tena mimi ndiye niliyeitwa chumba cha maiti kumtambua yule shemeji, kwa sababu dada yangu alikuwa hospitali taya likiwa vipande viwili. Nilimfunua mpaka miguuni. Nilichokiona sitakiandika, afisa ana macho. Nakwambia hili tu: mkono wako naujua kama ninavyoujua wangu. Na mwenye ngao akizidiwa, wenzake hawana ruhusa ya kunyamaza.

Nijibu kama mtu mzima.

Mjomba wako


Bweni la tatu
11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Usinihesabie siku, nilikuwa chumba cha peke yangu wiki tatu, na huko kalamu haziingii. Nimetoka juzi. Mama asiambiwe.

Ilikuwa hivi. Kuna mwanamke wa bweni la nne, alikuwa amesaga mpini wa kijiko kwenye sakafu mpaka ukawa kama msumari. Alimfuata Konda kwenye karo la kufulia, kisa kipande cha sabuni. Sikuona pigo la kwanza. Niliona sikio la Konda linaning'inia na shavu limefunguka mpaka meno yanaonekana, na la tatu lilikuwa limeingia shingoni. Maji ya karo yakawa mekundu. Konda, mwenye sauti ile, alikuwa hatoi sauti.

Nesi aliangusha ndoo. Alimlaza chali kwenye yale maji machafu, akabonyeza dole gumba mahali fulani chini ya taya, akabaki hivyo hivyo nusu saa nzima, magoti yamezama. Alikuwa anamwambia taratibu, "Tulia, domo kubwa wewe. Leo ndiyo siku yako ya kunyamaza." Konda yuko hai. Daktari wa gereza alisema kidole kile kingeteleza tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Mimi nilikwenda kwa yule wa kijiko. Nilimnyang'anya. Askari walikuwa bado mbali, na kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Yaliyofuata sikuandikii. Anapumua. Vidole vyake viwili havikunjiki tena.

Nilipotoka nilikuta wananingoja na kikombe cha vikaratasi. Nesi alichukua karatasi ya mtu wake, akafuta "panga" akaandika "mponyaji", mwandiko ule wa wodini usiosomeka. Tukashuka kwa Mfalme wa Matope. Alimvunja yule mtu mpya wa Mzito mikono yote miwili, Nesi akaiunga. Alimng'oa Konda ulimi (Konda mwenyewe aliomba iwe hivyo, eti aone inakuwaje), Nesi akaurudisha. Mshonaji alipanda mgongoni mwa mfalme akamziba midomo yake mitatu kwa uzi wa chuma, mshono kwa mshono, mpaka akafa kwa kukosa pumzi. Ushindi wetu wa kwanza! Mzito alininyanyua juu kama mtoto.

Kuhusu mengine uliyoandika, acha. Usinivike ngao nisiyoivaa. Nilichowaambia polisi ndicho. Mambo ya chumba cha maiti yaache huko huko kwenye baridi.

Nakuomba, Mjomba. Mimi si mtu wa kuomba.

Kiberiti


Nyumbani
30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za paa.

Barua yako ilinikuta nimeshaamua, na ilipofika ikanipa uhakika zaidi. Rafiki anakatwa, na wewe unajitupa mbele ya kijiko. Nikasema huyu ni yule yule wa miaka tisa. Jumapili nilimwita mama yako mezani nikamwambia yote, na sasa nakuandikia wewe, afisa asome asisome, kwa sababu siri imekwisha.

Nilimwambia nilihesabu matundu kumi na saba. Mapajani, mikononi, mabegani, mengine yamegonga ubavu yakarudi. Hakuna hata moja lililogusa mshipa ila la mwisho. Miaka thelathini na mmoja nimeshika kisu, na kidonda kikiniambia jambo naelewa: huo ulikuwa mkono wa mtu asiyejua kisu, mwenye hofu, anayechoma popote. Mtu niliyemfundisha mimi angemaliza kwa pigo moja. Nikamwambia, "Dada, mtoto wako amesema hilo langu, na pigo lilikuwa lako."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Una hakika watakuamini kuhusu kisu?" Nikasema nitaapa mbele ya jaji. Akaondoa vikombe, akaviosha, akaenda kulala. Siku tatu alishinda dirishani. Siku ya nne alivaa lile gauni la kijani, akachana nywele, akaenda kituo cha polisi kwa miguu, akasema ni yeye.

Wakili anasema wakimaliza kuandika maelezo yangu utatoka kabla ya Juni kwisha. Anasema mama yako, kwa mateso aliyopata, jaji atamwonea huruma kuliko wewe. Namwombea iwe hivyo. Nina dada mmoja na mpwa mmoja, Kiberiti, na nimechagua, na tangu aondoke nakaa kwenye kile kiti cha plastiki nalia kama mtoto aliyechapwa. Lakini haki ni haki. Umebeba ya kutosha.

Kitanda chako nimetandika.

Mjomba wako


Bweni la tatu
6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Umekosea.

Nimeshamwambia wakili. Nimemwambia mkuu wa gereza. Afisa wa barua anasoma sasa hivi, na asome polepole.

Nilifika alasiri, saa kumi. Mama alikuwa sakafuni jikoni, kwa ubavu, amezimia, meno mawili kwenye aproni. Yule mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti, anapuliza vidole vya mkono wake kwa sababu vilikuwa vinamuuma. Akanionyesha ule mkono. Akasema, "Mtazame mama yako alivyoniumiza." Kisu kilikuwa kwenye ubao wa kukatia.

Ulinifundisha kisu ili mnyama asiteseke. Ulisema mchinjaji anayechelewesha ni mkatili, na mkatili hafai kazi hii. Nilikumbuka kila neno. Ulinionyesha mshipa ulipo, kwa hiyo niliukwepa. Ulinionyesha mfupa ulipo, nikaupiga. Nilianza na paja, asiweze kukimbia. Halafu ule mkono aliokuwa anaupuliza. Halafu ubavu, juu juu, nikageuza ncha pale penye mishipa ya fahamu, unapajua. Nilikuwa nangoja anyamaze kidogo kabla ya kila pigo. Miaka kumi na miwili mama alikuwa anajua kila kinachompata, nilitaka na yeye ajue. La kumi na saba ndilo ulilonifundisha. Nililipiga kwa sababu alianza kumwita mama amsaidie, na sikuweza kuvumilia jina la mama kinywani mwake.

Sasa unajua ulichokiona pale. Hakikuwa kidonda cha mtu asiyejua kisu. Yule wa kijiko naye sikujitupa mbele yake, Mjomba. Tayari nilikuwa nimemnyang'anya.

Sijutii kufa kwake. Nikisema najuta nitakuwa nakudanganya. Naona aibu juu ya jambo moja tu, nalo si la jaji, ni lako: uliniamini na kisu.

Wakili ameniuliza sasa atatetea nini. Nimemwambia asitetee uongo, na mama arudishwe nyumbani. Hakuna jela atakayokaa yeye kwa ajili ya mtu yule, hata siku moja zaidi.

Usimulizi nimempa Mshonaji, siku hizi anasema, ingawa kwa sauti ya chini. Majitu yake yanaua haraka. Nimewaambia wanitafutie kazi yoyote kundini isipokuwa ya kushika kitu chenye makali. Nesi anasema atanifundisha kufunga vidonda, lakini kwanza nijifunze kunawa mikono. Alisema kwa utani, nami nikaenda kunawa.

Kiberiti


Nyumbani
15 Juni

Kiberiti,

Marahaba.

Dada yangu amerudishwa jana asubuhi. Amekonda. Amekula mayai mawili.

Barua yako niliisomea machinjioni, nimesimama, na siku ile sikuweza kushika kisu. Nilimwambia Mchuna naumwa, naye hakuniuliza wapi. Kiburi cha kazi ndicho kilichoniponza. Nilijiona naweza kusoma kidonda kama wengine wanavyosoma gazeti, kumbe nilisoma nilichotaka kiwe kimeandikwa. Nimemtuma dada yangu kituoni kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kosa ambalo hakulifanya, na alikwenda bila kubisha, kwa sababu nilikuwa nimempa njia ya kukutoa.

Siwezi kukuambia ulifanya vema. Nina hasira na wewe, hasira ya kweli, natembea nayo barabarani naongea peke yangu watu wananitazama. Sijaacha kukupenda na wala sitajaribu. Kesi ni Jumatatu ya wiki ijayo. Nitakaa mstari wa mbele, na wakiniuliza kuhusu kisu nitasema nilichojifunza kwako.

Mama yako alidai nimsomee barua. Nilitaka kuruka baadhi ya sehemu, akaniambia nirudi nyuma. Nimemsomea yote. Kisha akaniambia nichukue kalamu niandike anayoyasema yeye, nisiongeze wala nisipunguze. Ameyasema polepole, taya bado linamuuma. Haya ndiyo:

"Mwanangu. Walidhani nimezimia. Hata wewe ulidhani. Sikuzimia. Nilikuwa nimelala kwa ubavu, macho wazi, namwona yeye na naona miguu yako. Kusema nisingeweza, lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima na kiatu chako kilikuwa karibu nao. Ningekugusa baada ya la kwanza, ungeacha. Ningekugusa baada ya la tano, nakujua, ungeacha. Mkono niliuweka pale pale. Aliponiita nimsaidie nilifumba macho nisije nikamwitikia kwa mazoea. Jaji akiniuliza nilikuwa wapi, sitamwambia nilikuwa nimezimia. Nitamwambia nilikuwa pale sakafuni, nahesabu."